Maji ya Dada Melania

19 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha hapa Katonga, Kigoma, saa nane mchana. Dakika ishirini tu, ikakatika, ikaacha harufu ya vumbi na dagaa. Naanza daftari hili kwa sababu mhariri wa gazeti amenijulisha kwamba safu yangu imesitishwa. Anasema mimi ni "mkali mno kwa msomaji wa leo". Miaka kumi na tisa nimewachapa wauza dawa za nguvu, wahubiri wa utajiri na maofisa wanaoficha vipimo vya maji, na hakuna msomaji aliyefariki. Basi nitaandika humu, ambamo hamna mhariri.

Nianze na kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote mtaani: mashine ya kuchuja maji iliyo chini ya sinki langu. Maji ya bomba, ambayo ni ya ziwa, yanaingia kwanza kwenye simtanki, tangi kubwa la plastiki, nje. Pampu ndogo inayasukuma ndani. Yanapita chujio la uzi linalozuia mchanga, kisha chujio la mkaa linalokamata klorini na harufu, kisha utando, ambao ndio mashine yenyewe. Matundu yake ni madogo kiasi kwamba hata chumvi iliyoyeyuka inabaki nje. Maji safi yanajikusanya kwenye tangi dogo la chuma. Yaliyokataliwa yanatoka kwa mpira mwembamba hadi kwenye ndoo, na kwa hayo tunadeki na kumwagilia mchicha.

Yote haya ni kwa ajili ya dada yangu Melania. Amenizidi miaka minne. Miaka miwili iliyopita alipandikizwa figo, na sasa anameza dawa zinazoushusha ulinzi wa mwili ili mwili usilikatae figo hilo. Kijidudu ambacho mimi ningekitema na kukisahau, yeye kinaweza kumlaza. Figo alilitoa mdogo wetu Pastory, fundi seremala wa Gungu. Mimi nilipimwa nikakataliwa kwa sababu ya presha. Pastory alitoa figo, mimi natoa maji. Ndiyo sababu dada anaishi kwangu na si kwake, ingawa kwake kuna mke na watoto wanne na kwangu kuna vitabu.

Kila asubuhi nachovya kalamu ya kupimia kwenye glasi. Inaonyesha namba: kadiri ilivyo ndogo ndivyo utando unavyofanya kazi vizuri.

"Namba?" dada anauliza kutoka chumbani, hata kabla hajaitikia shikamoo yangu.

"Kumi na nane, dada."

"Haya, nimiminie."

Maji ya ziwa kabla ya kuchujwa yalisoma mia nne na ishirini. Niliyapima siku ya kwanza, sikuona haja ya kurudia.

22 Oktoba

Kumi na nane. Joto. Hakuna aliyepiga simu.

27 Oktoba

Pastory alikuja baada ya misa akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, hata Jumapili. Tulikula mgebuka na ugali wa muhogo.

"Kaka," akaanza, "mimi naona dada angepumzika kwetu. Watoto wapo, mama watoto yupo. Hapa anasikiliza hotuba tu."

"Na maji?"

"Maji tutaangalia."

"'Tutaangalia' ndiyo sera ya nchi hii nzima."

"Umeona, dada? Nimesema nini mimi? Hotuba."

Dada alicheka hadi akashika ubavu wenye kovu. "Mwacheni mgonjwa amalize samaki. Pastory, figo lako linakula vizuri, usiliharakishe."

Alipoondoka nilipanga viti kimoja kimoja. Mke wangu aliondoka kwenda Mwanza miaka sita iliyopita, na tangu hapo nimekuwa hodari wa kupanga viti.

3 Novemba

Kijitabu cha mashine kinasema chujio la mkaa libadilishwe kila baada ya miezi sita. Langu lina miezi kumi na minne. Sababu ni Meshack.

Meshack ana duka la vifaa vya maji Mwanga, na ndiye pekee mjini anayeuza machujio ya mashine hizi. Mwaka jana alikuwa akizunguka kumbi za makanisa akiwaambia watu kwamba maji yaliyochujwa yanaponya presha na ugumba. Nilimwandika gazetini aya kwa aya. Akanijibu sokoni, mbele ya wauza nyanya: "Mwalimu Telesphory, wewe mwenye elimu ya maji, mkeo alikimbilia Mwanza kwa kiu gani?" Watu walicheka. Niliapa mguu wangu hautakanyaga duka lile.

Nimeagiza chujio Dar. Litakuja kwa treni.

12 Novemba

Kumi na tisa. Mvua tangu alfajiri. Dada anafuma kitambaa cha meza ambacho hakuna meza ya kutosha kukivaa.

20 Novemba

Mafuriko yamekata reli huko katikati. Mzigo wangu umekwama. Nimeandika barua ya kurasa nne kuhusu usimamizi wa reli, nimemsomea dada. Alisikiliza yote, sindano ikienda. Mwisho akasema, "Aya ya pili umerudia neno 'aibu' mara tatu." Nilizihesabu, ni kweli.

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angezihesabu.

2 Desemba

Kipindupindu kimeingia kambi za wavuvi kusini mwetu. Leo amekuja Shadia, mhudumu wa afya wa mtaa, na mfuko wa vidonge vya klorini. Mwanamke mwembamba, gambuti za kiume, sauti ya kuita kuku.

"Hodi! Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kuweka dawa kwenye tanki."

"Marahaba. Tanki langu halihitaji dawa. Hapa kuna mashine."

"Mashine ni yako, kipindupindu ni cha wote."

Nilimweleza, kwa utaratibu, jinsi klorini inavyounguza utando. Nikaendelea hadi kwa yule daktari wa London aliyeng'oa mpini wa bomba karne ya kumi na tisa akauzima ugonjwa huu huu bila kidonge hata kimoja.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina nyumba arobaini na mvua inakuja. Huyo daktari wa London akifika mwambie aje anisaidie."

Nikafunga mlango. Dada aliona aibu. "Umemfungia mtu aliyekuja kwa heri," akasema.

5 Desemba

Nilitoka kwenda posta. Niliporudi, ua mzima ulinuka klorini. Dada alikuwa amemwita Shadia, amempa chai, na wakatia vidonge kwenye simtanki. Si kimoja: dada alimsisitizia aongeze, kwa wema.

"Nimemuomba msamaha kwa niaba yako," akasema.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningepiga kelele kuhusu nini? Kazi ya chujio la mkaa ndiyo hiyo, kukamata klorini. Kama nimelibadilisha kwa wakati, hakuna madhara.

Kama.

9 Desemba

Ishirini na sita.

11 Desemba

Arobaini na moja.

14 Desemba

Sabini na tatu. Dada aliuliza kama kawaida, "Namba?" Mdomo wangu ukasema, "Ishirini."

Nimekaa na neno hilo siku nzima. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi. Sijawahi kumdanganya dada, hata tulipokuwa watoto tukiiba mawese ya bibi. Nitamwambia kesho, chujio likifika.

15 Desemba

Sabini na nane. Nimesema ishirini.

18 Desemba

Hasira zangu zimepata pa kwenda. Nimeandika makala, "Afya kwa Kukisia", na kwa kuwa sina gazeti nimeituma kwenye kundi la simu la mtaa wetu, lenye watu mia mbili na zaidi. Sikumtaja Shadia kwa jina, nimeandika "mhudumu mmoja mwenye gambuti". Kila mtu anajua. Nimeeleza jinsi mtu asiyejua kipimo anavyoweza kuharibu kilichojengwa na mwenye kujua. Ni makala nzuri. Imejibiwa kwa vidole gumba thelathini na moja. Sijapata vidole gumba vingi hivyo tangu mwaka juzi, na nilivifungua tena na tena kama mtoto na peremende.

Dada hana simu ya aina hiyo. Sikumsomea.

25 Desemba

Pastory na familia wote wamekuja. Watoto walikunywa maji ya mashine kwa zamu, wakibonyeza koki kama mchezo. Mkubwa akauliza kalamu ile ni ya nini, nikamwonyesha, na kabla sijamzuia akasoma kwa sauti: "Mia moja na kumi!"

"Umeisoma kichwa chini," nikamwambia. "Ni kumi na moja."

Mtoto alinitazama, akaitazama tena kalamu. Ana miaka tisa. Nilifundisha miaka ishirini na mbili na ninajua sura ya mtoto aliyekuwa sahihi na akaambiwa amekosea.

6 Januari

Mia moja na tisini. Mzigo wa Dar bado haujafika.

Leo niandike ukweli, humu angalau. Kwa nini sisemi? Ningeweza kwenda Mwanga kwa Meshack mchana huu nikarudi na chujio na utando mpya. Ni nusu saa kwa bodaboda. Lakini ningesimama mbele ya kaunta yake, na yeye angeniuliza ninachotaka, na ningesema. Hilo moja.

La pili ni kubwa. Mashine ikifa, dada anakwenda Gungu. Pastory ana figo lake ndani ya dada, ana mke, ana watoto wa kumchekesha. Mimi nina mashine. Bila mashine mimi ni mtu anayesoma barua kwa sauti. Nimehesabu maneno niliyosema na mtu mwingine asiye dada wiki hii: muuza mkate, "mbili", jirani, "salama".

Nimewaandama maofisa wa maji miaka yote kwa kosa moja: kuwa na namba mkononi na kusema nyingine. Niliwaita wauaji wenye tai. Mimi sina tai.

Anaonekana mzima. Kipimo chake cha damu cha mwezi uliopita ni kizuri. Najiambia watu wote wa Kigoma wanakunywa maji haya. Najiambia na mengine.

8 Januari

Shadia amenipita njiani. Alisema shikamoo bila kusimama. Nasikia nyumba kadhaa zinamfungia mlango sasa, wanasema "Mwalimu kaandika".

12 Januari

Bomba kuu limepasuka kwa mvua, mji mzima hauna maji. Lakini kwetu hapana shida: nimeunganisha mfereji wa bati na simtanki, kama majirani wote wanavyofanya masika, na usiku mmoja limejaa hadi shingoni. Asubuhi nikachovya kalamu bila matumaini.

Kumi na moja!

Nilipima mara nne. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja. Utando umejisafisha! Pengine klorini ilikuwa imeganda juu yake tu, na maji laini yameisuuza. Nimesoma mahali kwamba hutokea.

"Namba?"

"Kumi na moja, dada! Kumi na moja!"

"Unalia?"

"Vitunguu."

"Nani anakata vitunguu saa moja asubuhi?"

Nikammiminia glasi kubwa. Nikamsomea kurasa kumi za historia ya kituo cha reli, naye akalala kwenye ukurasa wa tatu, na sikujali.

17 Januari

Kumi na moja. Mvua.

21 Januari

Kumi. Mvua. Kunguru wamejaa juu ya bati, wanakula mabaki ya dagaa wanayoiba mwaloni, penye kuanikwa samaki.

26 Januari

Kumi na mbili. Pastory alikuja, tena hakusema neno kuhusu Gungu. Nimekuwa mchangamfu hadi dada akauliza kama nimepata mchumba.

3 Februari

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Ijumaa dada alisema tumbo linamvuruga. Jumamosi alfajiri alikuwa ameenda chooni mara tisa na midomo imekauka. Nilimpa maji. Nilimpa glasi baada ya glasi, maji yale yale, nikimwambia kunywa dada, ndiyo dawa. Saa nne hakuweza kusimama. Bodaboda haikufaa, bajaji haikuonekana. Shadia alipita na gambuti zake, akaona mlango wazi, hakuuliza kitu. Alimshika upande mmoja, mimi mwingine, tukambeba hadi barabarani, akasimamisha gari la mzigo wa mchele kwa kusimama mbele yake.

Daktari ni kijana mpole. Amesema si kipindupindu, ni vijidudu vya kawaida vya maji machafu, ila kwa mtu wa dawa zake si vya kawaida. Mwili umekauka, figo limeanza kulemewa. Wamemtundikia dripu.

"Anakunywa maji gani nyumbani?" akauliza.

Nikaanza. Chujio la uzi, chujio la mkaa, utando. Nilisikia sauti yangu ikipanda ngazi kama siku zote. Pastory alikuwa amefika, ameegemea ukuta, bado ameshika penseli ya fundi. Akasubiri nimalize.

"Chujio umebadilisha lini, kaka?"

Sauti haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya fundi anayemuuliza mwenye chombo.

"Namba ni nzuri," nikasema. "Kumi na moja."

"Sijauliza namba."

Nikasema nakwenda kumletea dada nguo.

Nyumbani nilitoa kalamu ya kupimia mfukoni. Sijui ni kitu gani kilinipeleka nje badala ya jikoni. Nilipanda kwenye tofali, nikafunua simtanki, nikachovya. Juu ya maji kulikuwa na unyoya.

Kumi na mbili.

Maji ya mvua hayana chumvi. Yanasoma kumi na mbili yakiwa bado kwenye tanki, na kinyesi cha kunguru hakionekani kwenye kalamu ile kwa sababu kalamu inahesabu chumvi, haihesabu vijidudu. Kumi na mbili yanaingia, kumi na moja yanatoka. Mashine ilikuwa haifanyi chochote. Nilikuwa nimemnywesha dada yangu maji ya bati kwa wiki tatu, nikilia kwa furaha. Mtoto wa darasa la sita angejua kwamba kipimo cha kutokea bila kipimo cha kuingia si kipimo. Mimi mwenyewe nimelifundisha hilo.

Nilikaa kwenye tofali hadi mvua ikaniondoa.

4 Februari

Nimemwambia. Pastory alikuwepo, sikumwomba atoke. Nilisema yote: chujio la miezi kumi na saba, Meshack, sabini na tatu niliyoiita ishirini, mtoto niliyemwambia amesoma kichwa chini, makala ya Shadia, maji ya mvua. Sikupamba. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Ukweli wangu wote uliingia kwenye dakika sita.

Pastory alitoka nje. Nilimsikia akipiga ukuta, mara moja, kwa kiganja.

Dada alikuwa ametazama dripu.

"Kwa nini?"

"Ungehamia Gungu."

"Kwa sababu ya maji?"

"Unakaa kwangu kwa sababu ya maji."

Akafumba macho, nikadhani amelala.

"Teles. Siku ile ninaruhusiwa kutoka baada ya kupandikizwa, daktari alisema maji yaliyochemshwa yanatosha. Ulikuwa umesimama pale. Ukaanza kumweleza habari za utando, robo saa nzima, mpaka yule daktari akatazama saa. Hukumsikia. Mimi nilimsikia."

"Sasa mbona ulikuja?"

"Nilikuja kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja."

Mimi.

"Maji mabaya ningekusamehe hapa hapa," akasema. "Lakini kila asubuhi nilikuuliza. Kila asubuhi, Teles."

8 Februari

Figo limerudi kazini, kipimo kinashuka vizuri. Wamemruhusu. Amekwenda Gungu. Nilibeba begi hadi kwenye bajaji. Pastory aliniambia "asante kaka" kama anavyomwambia mteja.

9 Februari

Hakuna aliyeuliza namba.

15 Februari

Nimefungua mashine. Chujio la mkaa lilitoka na ute mweusi. Nimekwenda Mwanga.

Meshack alikuwa nyuma ya kaunta akila karanga. Nikaliweka chujio mbele yake juu ya gazeti. Alilinusa, akalikamua, akalilaza chini kama mtu anayefunika maiti.

"Hili limekufa zamani, Mwalimu. Hata klorini ya bomba la kila siku ilikuwa inapita moja kwa moja. Makala yako ilifika hata huku: nani kakuambia ni vidonge?"

"Nilijiambia mwenyewe."

"Vidonge vimeharakisha tu. Utando wako ulikuwa unaungua tangu kiangazi." Akatafuna karanga moja. "Duka liko hapa, linafunguliwa saa mbili. Umekaa miezi kumi na saba."

"Ulinitukana mbele ya watu."

"Na wewe uliniandika mbele ya mkoa mzima." Akainama chini ya kaunta, akatoa chujio na utando. "Lile la kuponya ugumba nimeacha kusema. Mama mmoja alikuja kunidai mtoto."

Nilicheka kabla sijajizuia. Akanipa maelezo, na karanga juu yake: kwanza osha makasha ya machujio na tangi dogo kwa dawa, suuza, funga vipya, kisha tangi la kwanza lote mwaga, usinywe. Na pima pande zote mbili. Nilijua yote. Nilimsikiliza hadi mwisho.

16 Februari

Nimekata mfereji wa bati, nimesugua simtanki kwa ndani. Nimefunga vipya. Kuingia mia nne na kumi na tano, kutoka kumi na saba. Nimemwaga tangi la kwanza. Nikakaa jikoni na lita kumi za maji bora kuliko yote Katonga, na koo moja.

23 Februari

Nimeandika kwenye kundi la mtaa: "Niliyoyaandika kuhusu mhudumu wa afya ni makosa. Kilichoharibika nilikiharibu mimi." Kidole gumba kimoja, cha Shadia mwenyewe. Baadaye akapiga simu.

"Mwalimu, nimesoma. Sasa zile nyumba kumi na tatu zinazonifungia, wao hawasomi kundi siku hizi. Mvua imewamalizia chaji."

"Nifanye nini?"

"Una miguu?"

1 Machi

Tumetembelea nyumba tano. Shadia anabisha hodi, mimi nasema, "Niliandika uongo kuhusu huyu mama. Mfungulieni." Sentensi mbili. Kwenye nyumba ya tatu nilianza ya tatu, Shadia akanikanyaga kidole kwa gambuti.

9 Machi

Nyumba kumi na tatu zimekwisha. Nimeendelea kumfuata kwenye zile nyingine, nabeba mfuko. Bibi mmoja Mwarundi alinisalimia "Mwakeye, kijana wa dawa." Nina miaka hamsini na tatu.

Nimepiga simu Gungu. Aliyepokea ni yule mtoto wa miaka tisa. Nilimwambia, "Siku ile uliisoma sawasawa. Ilikuwa mia moja na kumi." Akasema, "Najua, baba mkubwa." Akaniambia shangazi amelala.

18 Machi

Shangazi amelala.

27 Machi

Mvua imeanza kupungua. Shangazi yupo shambani kwa Pastory, anachuma mboga. Kama anachuma mboga, ni mzima.

6 Aprili

Simu ikapokewa na dada. Akasema, "Jumamosi nitakuja kula. Usiniandalie hotuba."

12 Aprili

Alikuja saa sita na nusu kwa bajaji. Amenenepa kidogo. Nilikuwa nimepika mgebuka wa kuchoma kwa mawese, nimetandika kile kitambaa chake, nimeweka glasi ya maji ya mashine mahali pake, baridi, ikitoa jasho. Kwetu maji ndiyo ya kwanza kumkaribisha mtu, kabla ya habari.

Aliketi. Akafungua kikapu, akatoa kidumu cha lita tatu, akakiweka mezani mbele ya glasi yangu.

"Nimekuja na ya kwangu," akasema. "Usione vibaya."

Kuja kwa mtu na maji yako mwenyewe: nimeona undugu ukivunjika kwa dogo kuliko hilo. Nilihisi maneno yakipanga mstari kifuani, yenye hoja, yenye tarehe, yenye mia nne na kumi na tano na kumi na saba. Mashine ni nzima. Ningeweza kuthibitisha.

Nikaiondoa glasi yangu, nikamwaga maji kwenye sinki, nikairudisha ikiwa tupu. Nikaweka na ya pili.

"Nipe na mimi," nikasema.

Akakifungua kidumu. Kisha akamimina, yake kwanza, yangu baadaye, mpaka juu. Yalikuwa vuguvugu na yana ladha ya moshi.

"Kuni za Gungu zimelowa," akasema.

Nikanywa yote. Tukala. Alimla samaki mpaka kichwa, akafuta vidole, akaegemea kiti.

"Umegombana na nani wiki hii?"

"Sijagombana na mtu."

"Teles."

"Na katekista. Kuhusu tarehe ya ujenzi wa kanisa."

"Nani yuko sahihi?"

"Yeye," nikasema. "Lakini ilichukua siku mbili kuligundua hilo."

Akavua viatu, akavuta kiti kingine kuweka miguu. "Haya, anza mwanzo."

Nikaanza mwanzo. Bajaji ilipokuja kumchukua saa kumi na moja nilikuwa bado sijafika katikati, naye akamwambia dereva asubiri.